Kitabu, fundi mzee au kundi la wenye Land Rover: uanzie kwa nani?

Ukinunua Land Rover ya zamani kwa mapenzi tu, si kwa shida ya usafiri, ushauri unakufikia kabla kadi ya gari haijabadilishwa jina. Mmoja atakuambia tafuta kitabu cha kiwanda, kila kitu kimo humo. Mwingine atakucheka: kitabu cha nini, nenda kwa mzee fulani, hizi gari anazifungua tangu enzi za Mwalimu. Wa tatu atakuingiza kwenye kundi la WhatsApp la wenye gari kama lako, na hadi jioni simu imejaa picha za kabureta na ujumbe wa sauti wa watu wanaobishana.

Wote wako sahihi, kila mmoja kwa kazi yake. Ukiwalinganisha kijumla utaishia kusema "vyote vizuri", na jibu hilo halimsaidii mtu mwenye Jumamosi moja kwa wiki na pesa ya kuanzia na kitu kimoja. Kwa hiyo nimewapambanisha kwenye kazi zenyewe, zile ambazo mwenye gari hizi hazikwepi.

Gari ninalolisemea ni Series IIA, iliyoanza 1961, na Series III, iliyotoka 1971 hadi 1985, fupi ya 88 na ndefu ya 109 (ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), injini ya petroli ya lita 2.25. Mwenye Peugeot 504 au Volkswagen Beetle anaweza kusoma vilevile. Namba zake ni nyingine, lakini maswali ni yaleyale.

Washindani wenyewe

Tuanze na vitabu, maana watu huvichanganya. Kitabu cha kiwanda kiliandikwa kwa ajili ya fundi wa wakala, ambaye vifaa maalumu vilikuwa vimetundikwa ukutani kwake. Kinakuambia utoe bearing kwa kifaa namba fulani, kisha kinaendelea na safari yake, wewe umebaki na nyundo mkononi. Vitabu vya Haynes vilizaliwa kutokana na kero hiyohiyo, tena si mbali na kwetu. John Haynes alikuwa Adeni na jeshi la anga la Uingereza katikati ya miaka ya 60. Akamsaidia mwenzake kuifungua na kuiunga upya Austin-Healey Sprite, akaona kitabu cha kiwanda hakikumfikiria mwenye gari wa kawaida, akapiga picha kazi hatua kwa hatua. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kilitoka 1966, na nakala 3,000 za mwanzo ziliisha kabla ya miezi mitatu. Tofauti hiyo ingalipo: cha kiwanda kinalijua gari, Haynes inamjua mtu anayelifungua gari kwa mara ya kwanza.

Kuna kitabu cha tatu ambacho watu hawakitaji, nacho ni katalogi ya vipuri. Hakina maelezo ya kazi hata mstari mmoja. Ni michoro ya gari lililotawanywa, kila washa na kila springi kwa mpangilio wake, na namba ya kipuri pembeni. Mimi nakipenda kuliko hivyo viwili. Ukifungua giaboksi ukabaki na washa moja mkononi, ni mchoro huo utakaokuambia ilikaa wapi. Ukienda Gerezani Dar es Salaam au Grogan Nairobi ukiwa na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, mazungumzo na muuzaji yanakuwa mafupi na ya heshima. Ukienda na maneno "kale kadude ka kwenye stelingi", utauziwa alichonacho.

Fundi mzee ninayemsema si kila aliyevaa ovaroli. Ni yule aliyepitia karakana ya halmashauri, shirika, misheni au hifadhi wakati Land Rover zilikuwa gari za kazi, na akaona gari moja likirudi kwake kwa matatizo kumi tofauti. Wengi wamestaafu. Wachache waliobaki wana kijigereji chini ya mwembe na vijana wawili wanaojifunza.

Kundi ni wenye magari wenyewe: mwalimu, mhasibu, mwongoza watalii, mstaafu wa bandari. Baadhi yao ni mafundi kweli, na baadhi hawajawahi kushika spana, lakini wote wana maoni.

Video nimeziacha pembeni. Nyingi zimepigwa Uingereza, kwenye gereji yenye lifti na taa, na boliti za kule zimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Za kwetu, ukiacha Tanga, Mombasa na visiwani, zimeliwa na vumbi na spana isiyo saizi. Video inafaa kwa kuona mkono unavyokaa, ila haikusubiri uiulize swali.

Tapeti na pointi: kitabu, bila ubishi

Kazi yoyote ambayo jibu lake ni namba, fungua kitabu kabla ya boneti. Uwazi wa tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa ili valvu ifunge kabisa, kwenye injini hii ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa valvu zote nane, injini ikiwa ya moto au ya baridi. Uwazi wa pointi za distributa ya Lucas, zile zinazokata na kuunga umeme wa plagi, ni inchi 0.014 hadi 0.016, yaani milimita 0.35 hadi 0.40. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Bolti kubwa za silinda hedi zinakazwa kwa toki renchi hadi paundi-futi 65. Namba hizi hazina mjadala, na mtu anayekupa nyingine "kwa uzoefu" mwombe akuonyeshe zilikoandikwa.

Fundi mzee anaseti pointi kwa kipande cha pakiti ya sigara, na mara nyingi gari linawaka na kwenda. Sina ugomvi na pakiti ukiwa umekwama Makuyuni saa moja usiku. Shida yangu iko kwenye tapeti. Wapo mafundi wanaopenda injini nyamavu, na mteja naye anapenda, basi fundi anaendelea kukaza mpaka ule mlio wa ta-ta-ta uishe. Mlio umeisha kwa sababu uwazi umeisha. Valvu ikipata moto inarefuka, haifungi kabisa, gesi ya moto inapenya pembeni, na baada ya muda valvu ya moshi imeungua ukingo. Tapeti inayolia kidogo haijaua injini ya mtu. Fila geji ya bei ndogo, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, inamaliza suala hili lote.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo watu wa gereji wamelifupisha vizuri kuliko kitabu. Kitabu kinakupa orodha: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, seti ya 1, ya 6 ikifunguka, seti ya 3, na kuendelea. Gereji wanasema tu: jumla iwe tisa. Ya 7 imefunguka? Seti ya 2. Ya 5 imefunguka? Seti ya 4. Unazungusha injini kwa mkono plagi zikiwa nje, unatazama ipi imezama mwisho, unatoa kwenye tisa. Ukishaisikia hiyo mara moja huhitaji tena kuchafua ukurasa kwa grisi.

Kabureta ya Zenith: hapa kundi linawashinda wote

Series nyingi za petroli zilitoka na kabureta ya Zenith 36 IV, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima. Gari linawaka vizuri, ukiliacha sailensa bila kukanyaga mafuta linatetemeka, moshi mweusi kidogo, petroli inakwisha haraka. Unaseti skrubu ya mchanganyiko, halijali.

Kitabu kitakuambia usafishe jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, na uangalie usawa wa floti. Utafanya, na hali itabaki vilevile. Fundi atakuambia, kwa upole kabisa, "Bosi, hiyo tupa, nikufungie ya Toyota." Mara nyingine ushauri huo una maana, hasa kama gari ni la kazi. Lakini wewe ulitaka Land Rover ya zamani, si gari la nusu kwa nusu.

Kundi ndilo linalojua, kwa sababu watu mia moja wamepata tatizo moja na kila mmoja akaleta kipande cha jibu. Kabureta ile ikishakazwa na kufunguliwa miaka mingi, uso wa kifuniko cha juu na ule wa bloku ya ndani hupinda. Weka rula ya chuma juu yake uelekeze kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita chini ya rula, umempata mwizi. Petroli inavuja humo ndani kwa ndani, inapita pasipo kupimwa na jeti. Dawa yake ni kioo kinene kilicholala sawa, msasa wa maji juu yake, unausugua uso polepole kwa kuzungusha, unafuta, unapima tena kwa rula, hadi mwanga uishe. Kisha unaweka oringi mpya ile ndogo iliyo kati ya bloku na kifuniko, ambayo aliyetangulia kufungua aliipoteza au aliirudisha ikiwa imekauka. Maarifa hayo yamekusanywa na wenye magari, kwa sababu wakati vitabu vinaandikwa kabureta hizo zilikuwa mpya na hazijapinda.

Sasa udhaifu wa kundi. Unauliza kuhusu Series III ya petroli, anajibu mwenye Defender, Land Rover ya baadaye, yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, kwa uhakika mkubwa, na watatu wanaweka dole gumba. Swali la kumrudishia kila anayekujibu ni fupi: gari lako ni lipi, ulitengeneza lini, na bado linatembea? Asiye na jibu la tatu, mshukuru usonge mbele. Ukiuliza wewe, andika mwaka, injini, kilichobadilishwa, na ulichokwisha jaribu, na weka picha iliyopigwa mchana. Swali la "wakuu gari inamisi, msaada" litapata majibu thelathini, na mojawapo litakuwa "uza".

Na ukipata dawa, rudi uandike. Makundi mengi yamejaa maswali yasiyo na mwisho kwa sababu gari likishapona mwenyewe haonekani tena. Mikusanyiko ya ana kwa ana inapunguza tatizo hilo. Oktoba 2024 Land Rover zilipojazana Arusha kwa msafara wa kutafuta rekodi ya dunia, boneti zilikuwa wazi na mtu aliweza kushika kitu anachoelezwa. Saa moja ya namna hiyo inazidi mwezi wa kutumiana picha.

Sauti, mtetemo na boliti iliyogoma: nenda kwa mzee

Hapa kitabu hakina mdomo na kundi halina masikio. Mlio hauandikiki. Fundi anaweka bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, anahamisha taratibu: hapa, hapa, hapa. Anakuambia ni pampu ya maji, si bearing ya krenki, na umeokoa oveholi nzima.

Mfano mdogo ambao unaweza kuuchukua bure. Injini inakosakosa, silinda moja haifanyi kazi, lakini ipi?

"Mzee, umejuaje kuwa ni ya tatu?"

"Chomoa waya wa plagi mmoja mmoja, kijana wangu, kwa plaizi yenye mpira. Ukichomoa mmoja injini ikashuka, huyo alikuwa anafanya kazi, mrudishie. Ukichomoa mwingine injini isijali, basi ndiye."

Kitabu kinacho hicho, kwenye ukurasa ambao hutaufikia kwa sababu hujui jina la unachokitafuta. Hilo ndilo tatizo kubwa la kitabu: lazima uwe umeshajua nusu ya jibu ndipo kikupe nusu nyingine.

Boliti nazo. Series zina nati za inchi kwa sehemu kubwa, na gereji nyingi zina seti ya milimita. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7, lakini inaingia ikicheza, na baada ya kufungua mara chache kona za nati zimekwisha. Fundi mzee anazo spana zake za inchi kwenye mfuko wa turubai na haazimishi. Nati iliyokwama anaigonga, anaipasha moto kidogo, anaigonga tena, anaisubiri. Anajua ni wakati gani inakaribia kukatika, na ujuzi huo unahama kwa kukaa naye tu.

Usitegemee akufundishe bure. Alichonacho kichwani ndicho mkate wake, na wengi wameshaona mteja anakuja na maswali mengi kisha anahamia kwa fundi wa bei nafuu. Mlipe siku nzima, mwambie wazi kwamba unataka kushika spana mwenyewe yeye akiwa pembeni, nunua chai na vitumbua vya gereji nzima, na usimsahihishe kwa kitabu mbele ya vijana wake. Ukiwa na shaka na namba, muulize kando: "Mzee, humu wameandika hivi, wewe unaonaje?" Wengi watavaa miwani na kusoma kwa hamu.

Breki: usimwamini mmoja peke yake

Kwenye breki nina ukali kidogo. Mazoea ya gereji nyingi ni kuosha kila kitu kwa petroli, pamoja na raba za masta silinda na za silinda za magurudumu. Raba hizo hufura zikiguswa na petroli au oili ya madini, na breki zinaanza kung'ang'ania au kupoteza shinikizo wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichotokea. Zioshwe kwa oili ya breki safi au spiriti, basi. Lainingi za magari ya umri huu zinaweza kuwa na asbestosi, kwa hiyo vumbi la ngomani lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitupwe kwenye mfuko uliofungwa.

Kwa taratibu hizo fuata kitabu kinachotaja tahadhari hizi wazi. Lakini kitabu hakijui kwamba mwenye gari aliyetangulia alifunga masta silinda ya gari jingine, na raba unazoagiza kwa namba ya katalogi hazitaingia. Hapo ni lazima upime kipuri chenyewe, na ikiwezekana umtafute fundi aliyekifunga. Kundi linasaidia kwa jambo moja tu: nani ameuziwa raba feki na kwa alama gani alizitambua.

Umeme: wote wanabaki nyuma

Rangi za waya za magari ya Uingereza zina lugha yake. Kahawia inatoka kwenye betri moja kwa moja, nyeupe inapata moto ukiwasha swichi, kijani imepita kwenye fyuzi baada ya swichi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni eathi. Kitabu kina mchoro mzuri wa yote hayo. Kisha unafungua deshibodi ya gari lako na kukuta waya nyekundu tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku hiyo.

Kabla ya kitu kingine, tazama betri. Land Rover za IIA za mwanzo zilitoka kiwandani upande chanya ukiwa umefungwa kwenye bodi, na baadaye katika miaka ya 60 zikageuzwa kuwa hasi kama magari ya leo. Huko katikati, huku kwetu, zimegeuzwa na mafundi, nyingine zikarudishwa. Ukifunga alteneta ya kisasa bila kuhakikisha, dayodi zake zinaungua papo hapo. Hakuna kitabu, mzee wala kundi litakalokuambia gari lako liko vipi. Mita ya umeme itakuambia.

Kitabu pia kinazeeka kwa namna nyingine. Kinazungumzia petroli yenye risasi, ambayo kusini mwa Sahara iliondolewa ifikapo mwanzoni mwa 2006. Kinataja oili na simenti za gasketi ambazo hazipo dukani. Maswali ya mbadala yapeleke kwenye kundi, ukichuja kwa yale maswali matatu.

Uchague lipi kwanza

Kama gari linatembea na hujawahi kufungua kitu, nunua Haynes, fila geji na seti ya spana za inchi, kisha fanya tapeti na pointi mwenyewe. Utalijua gari kuliko ukikaa kwenye kundi mwaka mzima ukisoma ya wenzako.

Kama gari limelala miaka kumi kwenye kichaka cha mtu, usianze na kitabu. Mlipe mzee aje alione kabla hujalinunua, akiwa na bisibisi yake na tochi. Atagonga fremu kwa nyundo kuanzia nyuma kwenda mbele, na pale mlio utakapobadilika ndipo bei itakapoanza kushuka.

Kama uko mbali na miji yenye mafundi hao, kundi ndilo tegemeo lako, lakini weka katalogi ya vipuri kwenye simu ili uweze kutaja kitu kwa namba.

Kama limefungwa injini ya 200Tdi au 300Tdi, na mengi yamefungwa, kitabu cha Series kitakusaidia kwenye chasi, giaboksi na breki tu. Injini itafutie cha kwake.

Na ukienda kununua Haynes ya mtumba, tazama jalada kwa makini kabla ya kulipa. Series za petroli zina kitabu chao na za dizeli chao, na anayekuuzia kwenye meza ya vitabu atakuambia ni kilekile.